Tamasha la muziki kando ya ziwa Kisumu: enda, lakini ingia mapema

Nimerudi Nakuru jana jioni, sauti imekauka kabisa na viatu bado ziko na matope ya Kisumu, lakini wacha niandike hii sai kabla nisahau mambo, juu kuna watu kama kumi washaniuliza kama ile tamasha ya wikendi ilikua ya maana ama ni kelele tu na kula pesa za watu. Ilikua ya maana. Nitarudi, na nikirudi nataka niende na mamangu. Lakini kuna vitu lazima nizisema wazi juu zinaudhi na zinaweza kurekebishwa.

Tulikua watano. Mimi, binamu yangu, mwalimu mmoja tunakaa naye ploti moja, rafiki yetu ni nesi, na mwenyeji wetu wa Kisumu, jamaa wa mtaa wa Manyatta, ndio alikua anatushawishi kila wikendi hadi tukakubali. Tulitoka Nakuru saa kumi na moja asubuhi na matatu, ile baridi ya Mau Summit unaijua, majaketi hadi shingoni na binamu yangu amejifunika shuka, Kericho tukashuka tukanywa chai na mandazi moto, alafu barabara ikaanza kuteremka na kuteremka. Ukipita Awasi ukakaribia Ahero, unaanza kuona mashamba ya mpunga na joto linaingia kwa dirisha kama mtu amefunua sufuria. Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu ni kama 1,130, na hizo mita mia saba mwili unazihisi. Nasema hii mapema juu ndio ilikuja kutusumbua mchana.

Tiketi tulinunua kwa simu wiki tatu kabla, 1,500 kila mtu. Kwa geti ilikua 2,500, na wale wa mbele kabisa kwa viti walilipa 5,000. Nunua mapema, hapo sina maneno mingi. Ujumbe unakuja na code ya tiketi, wanaipiga mwangaza na kamashine, unafungwa bangili ya karatasi mkononi basi. Kitu moja tu: piga picha ya skrini hio code ukiwa bado nyumbani. Uwanja wenyewe ni ule wa nyasi upande wa njia ya kuenda Dunga, na watu wakishajaa pale mtandao unakufa, juu simu maelfu zote zinang'ang'ania mnara mmoja. Mbele yetu kulikua na wasichana wanne wamelipa vizuri kabisa lakini ujumbe umekataa kufunguka, hadi sisi tunaingia walikua bado wamesimama kando na jua linawachoma. Na M-Pesa nayo ndani ya uwanja ilikua inakwama hivohivo, unaweka namba ya siri alafu unangoja, unangoja, muuzaji amekushikia soda mkononi mnaangaliana. Beba pesa mkononi, hata kama ni elfu moja ya noti za mia mia.

Sasa geti. Tiketi iliandikwa mlango unafunguliwa saa tano. Tulifika saa tano na nusu, laini tayari imepinda hadi barabarani, na badala ya mageti mawili venye walisema walikua wamefungua moja. Tumesimama hapo hadi saa saba kasoro. Tukifika mbele, walinzi wanachukua chupa zote za maji. Zote. Sio pombe, maji. Nesi akawaambia kwa heshima, "Boss, hii ni maji tu, haijafunguliwa hata, na watu watakua juani siku mzima," akajibiwa ni amri kutoka juu. Kando ya geti kulikua na pipa limejaa chupa hadi zinamwagika chini. Alafu unaingia ndani, maji nusu lita ni 150. Nje kwa duka ni 50.

Hio ndio kitu ilinikasirisha kuliko yote na sitaki kuipitisha haraka. Kitu saa nane hivi mwalimu wetu akaniambia anaskia kichwa chepesi. Nikamwambia akae chini. Kabla amalize kukaa, magoti yakaachilia. Mtu mkubwa, mrefu, hivo tu chini. Nesi alimrukia kabla sisi wengine tujue ni nini, akamlaza, akainua miguu yake akaiweka juu ya begi langu, akatupigia kelele tusimame upande wa jua ili tumwekee kivuli. Watu wa huduma ya kwanza walikuja mbio na nawashukuru, vijana wawili na machela, wakampeleka kwa tenti yao wakampa ile maji ya chumvi na sukari akunywe polepole. Baada ya nusu saa akawa sawa, amekaa anaongea. Lakini kwa hio tenti hakua peke yake, nilihesabu watu saba wamelazwa, wengine wasichana wadogo kabisa. Kisumu, jua la saa saba, umenyang'anya mtu maji yake kwa mlango. Kama mnaogopa chupa, wekeni tangi mbili za maji ya bure na vikombe. Hata shule za kijijini ziko na tangi.

Na hapo ndio nifike kwa ile kitu nilikua nataka kuandika tangu mwanzo.

Tukiwa bado hapo nje ya hio tenti ya huduma ya kwanza, saa nane na dakika, nikaskia nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo. Kwa mbali, kidogo sana. Nikageuka nikaona steji kubwa, spika zimening'inizwa pande zote mbili kama ngazi, na chini yake watu labda mia mbili, tena wamesambaa, wengi wanatafuta kivuli. Uwanja unaingia maelfu na wengi bado wako kwa laini nje. Na pale juu amekaa msichana, labda miaka ishirini na kitu, kwa kile kistuli kifupi karibu na sakafu, nyatiti imelala mbele yake, njuga kwa mguu.

Kwa wale hawajawahi kuiona karibu: nyatiti iko na nyuzi nane, lakini sio nyuzi peke yake inapigwa. Mchezaji anavaa pete nzito ya chuma kwa kidole gumba cha mguu wa kulia, na anagonga nayo ukingo wa mbao wa nyatiti yenyewe. Hio ndio ngoma. Mtu mmoja anakupigia nyuzi, ngoma, njuga na anaimba, zote kwa wakati mmoja. Zamani ilikua ya wanaume pekee, mwanamke hata kuigusa ilikua shida, kwa hivyo kumuona dada mdogo hapo juu tayari ilikua kitu inanishika moyo.

Lakini sauti haikua inatoka. Walikua wamemwekea maiki moja ya mdomo na ingine imeelekezwa huko juu kwa nyuzi, mguu hakuna. Nilisogea hadi mbele kabisa, kwa chuma, nikawa naona kidole kinagonga, naona pete inang'aa kwa jua kila ikishuka, lakini kwa spika hakuna kitu, nyuzi tu zinalialia peke yake bila kiuno. Watu nyuma yangu wanapiga stori. Mmoja akauliza dijei ataanza saa ngapi.

Alafu mzee mmoja, nadhani ni wa hio kikundi yake, alikua amekaa pembeni na orutu, ile fidla ya uzi mmoja, kwa magoti, akainuka katikati ya wimbo. Hakuongea na mtu. Akaenda akachukua ile maiki ya orutu yake mwenyewe na stendi yake fupi, akainama, akaisukuma hadi hapo kwa mguu wa huyo msichana, karibu iguse kidole. Akampungia mkono yule wa mitambo kule nyuma, akamwonyesha kwa kidole: pandisha.

Na ikaingia. Tak, tak-tak, tak. Kubwa, kavu, kwa zile spika zote. Niliskia kwa kifua. Wale walikua wamekaa wakainuka, sikudanganyi, mama mmoja alikua amelala kwa leso yake aliinuka akaanza kutingisha mabega hata kabla afungue macho vizuri, na mwenyeji wetu akapiga kelele "Thum!", yaani muziki kwa Kijaluo, hadi mshipa ukasimama kwa shingo. Kwa dakika mbili watu mia mbili wakawa mia tano, wanakuja wakikimbia kutoka kwa vibanda vya chakula. Huyo dada aliinua macho mara moja akaona, akatabasamu kidogo tu, akarudi kwa kazi yake. Mzee wa orutu sasa hana maiki, akaendelea kupiga hivohivo bila, anacheka.

Alipewa dakika ishirini. Ishirini! Wakati bado anapiga, mtu wa programu akaja akasimama kando na karatasi anaangalia saa. Na huyo ndio msanii ametuonyesha kitu huwezi kuona kwingine kokote kwa hio siku mzima, amewekwa saa nane mchana kwa jua kali, na geti moja, na maiki mbili. Nilisema na nasema tena, waandaaji wetu hapa magharibi wanachukua muziki ya nyumbani wanaifanya ya kupasha joto, ya kujaza muda watu wakingojea wageni wa jioni, na bado matangazo yote ya tamasha yamechorwa nyatiti na ngoma na mtumbwi. Ukichora nyatiti kwa bango, basi mpatie maiki ya mguu.

Tukaenda kula. Hapa sina malalamiko hata moja. Kulikua na kina mama wa samaki upande wa karibu na ziwa, wamepangana kama sita, na mimi kwa samaki niko makini, nikamuuliza mmoja, "Mathe, hii ngege, hii tilapia, ni ya hapa ama ni ile ya kutoka China?" Si aliniangalia. Akafungua bakuli ya zile bado hazijakaangwa, akashika moja akaifunua shavu na kidole gumba, ndani nyekundu kama damu ya sasa hivi, akaniambia, "Mtoto wangu, ile ya barafu haiko na rangi hii. Hii ni ya keji, ya kufugwa hapa ziwani, imetoka majini saa kumi na mbili asubuhi." Akaipasua mistari mitatu kila upande, chumvi, kwa mafuta. Ngege mzima, ugali ya kutosha watu wawili na kachumbari, 400. Na osuga kando, ile mboga ya managu, ya maziwa, hio akatuongezea bure juu aliona mwalimu bado ana uso wa kuchoka, akamwambia kula baba, kula upate nguvu. Hakuna kijiko hapo, unanawa unatumia mkono. Hio chakula ndio ilimrudisha mwalimu kabisa.

Saa kumi kasoro mawingu yakaanza kujikusanya. Mtu wa Kisumu anajua, joto likizidi hivo mchana jioni lazima ilipe. Ikanyesha dakika ishirini, mvua ya kupiga hadi inauma kwa mabega, na ile udongo nyeusi ikageuka gundi. Wakazima jenereta, na hapo walifanya vizuri juu stima na maji si mchezo, spika zote kimya, taa kimya. Watu wakaanza kukimbilia mahema.

Na waliokua wafuate kwa ratiba ni kikundi cha isukuti, ngoma ya Waluhya, kutoka Kakamega. Sasa isukuti unaitaka stima ya nini? Walishuka kwa steji na ngoma zao tatu, ile kubwa, ya kati na ndogo, na pembe ya swara na vyuma vya kuchezesha mkononi, wakaingia katikati ya watu kwa matope. Hakuna maiki, hakuna kamba, hakuna VIP. Wale wa viti vya 5,000 waliruka vyuma wakaja huku kwetu. Hii ngoma iliwekwa na UNESCO kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, mwaka wa 2014, na nilikua nimesoma hio mahali nikaipita tu kama habari zingine. Lakini ukiwa umesimama mita moja na mtu anapiga hio kubwa, maji ya mvua yanaruka kutoka kwa ngozi kila akigonga, mabega mia tatu zinaenda pamoja, binamu yangu amevua viatu amezipotezea huko, unashangaa ni nani aliamua hii kitu iwe ya saa kumi. Nesi alilia. Aliniambia babake alikua wa Idakho, Waluhya wa huko Kakamega, na kwao hii inapigwa kwa mazishi na kwa harusi pia, na hakua ameiskia tangu amzike. Tulimshika tu mkono tukaendelea kucheza.

Stima ilirudi saa kumi na moja. Jua likatokea tena chini ya wingu, na kama hujawahi kuona jua likizama upande ule wa ghuba ya Winam, hio sehemu ya Ziwa Victoria, kitu saa kumi na mbili na nusu na zaidi kidogo, maji yote yanakua rangi ya chungwa na zile mitumbwi zinabaki nyeusi tu, basi hio peke yake ni nusu ya tiketi. Wazee wa benga, ule muziki wa gita wa Wajaluo, ndio walikua wanapiga hapo. Gita tatu, besi, drams, makoti zao za suti. Huku ni nyumbani kwa benga, ni ya kina D.O. Misiani na Shirati Jazz, mzee Misiani alifariki 2006, na hawa wazee walikua wanacheza kwa mtindo ule ule, wimbo unaanza na maneno polepole alafu kuna mahali sauti za watu zinanyamaza gita la mbele linachukua usukani linaanza kukimbia. Nilikua na nyatiti ya mchana bado kwa masikio, na hapo ndio kwa mara ya kwanza niliskia kabisa kwamba ni kitu moja, kile kidole cha gita kinaruka venye zile nyuzi nane zilikua zinaruka. Nilikua nimeambiwa mara nyingi, lakini sikua nimewahi kuziskia zote mbili siku moja, uwanja mmoja. Hii ndio sababu nataka kumleta mamangu.

Ushauri wa mahali pa kusimama: usiende mbele kabisa, huko besi inakula kila kitu, na usikae nyuma kabisa, juu sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde na wale wa nyuma walikua wanaskia spika za karibu kwanza alafu za steji zinafuata, kila neno mara mbili. Tafuta ile hema ya mtu wa mitambo, simama hapo mbele yake. Yeye anarekebisha sauti na masikio yake mwenyewe, kwa hivyo chenye anaskia ndio utaskia.

Usiku ulikua wa kawaida. Madijei wawili wazuri, watu walicheza, sikatai. Yule msanii mkubwa amewekwa kwa mabango alikua apande saa nne, akapanda saa sita na robo, akaimba juu ya sauti yake iliyorekodiwa kwa dakika kama ishirini na tano, akashukuru Kisumu, akaenda. Mimi hata nikaanza kupiga hesabu, huyo amepewa taa zote na moshi na skrini kubwa, na dakika zake ni zile zile karibu na za dada wa nyatiti. Wasichana wale wanne wa geti niliwaona tena hapo, wamekaa kwa nyasi wamechoka, mmoja ameshalala. Waliniambia waliingia saa tisa. Hawakuskia nyatiti.

Vyoo: hadi saa kumi viko safi, baada ya mvua usijaribu bila viatu vya kufunika, na beba tishu yako. Wasichana walikua wanapiga foleni dakika arobaini, vilikua kumi na mbili kwa uwanja wote. Usalama ulikua mzuri, simu zetu zote tano zilirudi nyumbani, na taa ziliwekwa hadi barabarani. Kurudi ndio kazi. Boda za hapo nje zinaitisha 500 kwa safari ya 100. Tulitembea dakika kumi na tano kuelekea mjini, watu walikua wengi tu barabarani, tukapata tuktuk ya 300 sisi watano tumebanana hadi Manyatta.

Asubuhi kabla tupande matatu tulipitia tena kwa yule mama wa samaki, juu alikua ametuelekeza mahali anauza siku za kawaida. Tukala tena. Mwalimu alikua amekaa pale kwa benchi na chai yake, na kwa muda mrefu sikua nimegundua, lakini kidole cha mguu wake kilikua kinagonga mguu wa meza. Tak, tak-tak, tak.

Ninawapa nne kwa tano. Hio moja nimeitoa kwa maji na siirudishi hadi nione tangi. Mkienda mwaka ujao, saa tano muwe kwa geti, mkiwa mmekunywa maji ya kutosha kabla ya laini, na kama kuna mtu anajua watu wa programu, mwambieni huyo dada wa nyatiti apewe saa kumi na mbili na nusu, jua likizama, na maiki tatu.